Namba ya tarakimu nane mezani: namna ya kuichambua mpaka mwisho

Maswali ni yale yale. Nitajuaje kama namba hii ni tasa? Nigawanye mpaka wapi ndipo niache? Vigawe vyake viko vingapi, au nivihesabu kimoja kimoja mpaka kukuche? Nimejibu hivi vipande vipande kwa muda mrefu, na kila anayekuja anapata kipande tu. Leo naandika yote mahali pamoja, kwa mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mfano wetu ni 61,741,120. Hiyo ndiyo idadi ya watu wa Tanzania kwa sensa ya Agosti 2022, iliyotangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo: wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Nimeichagua kwa sababu ni namba halisi, hakuna aliyeitunga ili itoke vizuri. Nilipoikalia mara ya kwanza sikutegemea kukuta kitu. Nilikuta, na utakiona kwenye hatua ya 5.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi:

- Karatasi mbili. Moja ya kazi chafu, moja ya majibu. Usichanganye.
- Kikokotoo, hata kile cha kwenye simu. Laza simu ili kioo kionyeshe tarakimu nyingi zaidi.
- Orodha ya namba tasa mpaka 200. Kama huna, itengeneze: andika 2 mpaka 200, bakiza 2 ufute kila namba nyingine inayogawanyika kwa 2, bakiza 3 ufute zinazogawanyika kwa 3, halafu 5, 7, 11 na 13. Zitakazobaki hazijafutwa ni tasa zote. Ni dakika kumi tu. Eratosthenes, msomi Mgiriki, alipokuwa Aleksandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alitumia chekecheo hilihili.
- Maneno mawili. Kigawe cha namba ni namba inayoigawanya bila kubakiza kitu. Namba tasa ina vigawe viwili tu, 1 na yenyewe.

Basi. Fomula nyingine utazikuta njiani.

Hatua ya 1. Inakili kwa kuitenga tatu tatu, kisha kadiria kipeuo chake cha pili

Andika 61,741,120, usiandike 61741120. Koma zitakuokoa. Jioni moja niliandika 192,491 badala ya 192,941 katikati ya kazi, nikahangaika saa nzima na namba ambayo haikuwa yangu.

Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kati ya 7,857 na 7,858. Kiandike pembeni. Maana yake ni kwamba kama namba ingekuwa ngumu kupasuka, ungelazimika kujaribu namba tasa zote mpaka 7,857. Namba tasa ya elfu moja ni 7,919, kwa hiyo hizo ni pungufu kidogo ya elfu moja. Usiogope, mpaka huo utashuka haraka.

Hatua ya 2. Itazame kabla hujagusa kikokotoo

Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayowapotezea muda.

Tarakimu ya mwisho ni 0: inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Tena ina sifuri moja tu mwishoni, basi haiwezi kuwa kipeo cha pili cha namba nzima yoyote. Vipeo vya pili kama 100 au 640,000 huishia na sifuri ambazo idadi yake ni shufwa.

Jumlisha tarakimu: 6+1+7+4+1+1+2+0 = 22. Ishirini na mbili haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo na namba nzima haigawanyiki kwa 3 wala 9. Jumlisha tena, 2+2 = 4: hilo ndilo baki ukigawanya kwa 9. Itunze hiyo 4, tutaihitaji hatua ya 7.

Kwa 11, anza kulia, ongeza na kutoa kwa zamu: 0−2+1−1+4−7+1−6 = −10. Ongeza 11 upate baki 1. Yaani Watanzania wote wa 2022 wakijipanga timu za mpira za watu kumi na mmoja, anabaki mmoja. Huyo awe refa.

Kosa la kawaida hapa ni kuanzia kushoto. Tarakimu zikiwa nane, kuanzia kushoto kunageuza alama, unapata 10 badala ya −10, na baki lako linakuwa si sahihi. Kama unataka kujua tu inagawanyika au haigawanyiki, upande wowote unafaa. Kama unataka baki lenyewe, anza kulia.

Hatua ya 3. Toa mbili zote, kisha tano zote

Gawanya kwa 2 mpaka upate namba witiri:

30,870,560
15,435,280
7,717,640
3,858,820
1,929,410
964,705

Mara sita. Andika 2⁶. Tarakimu ya mwisho sasa ni 5, kwa hiyo gawanya kwa 5: 192,941. Inaishia na 1, tano zimekwisha. Andika 5.

Neno "zote" nimeliweka makusudi. Anayeanza hugawanya kwa 2 mara moja, akaruka kwenda 3, halafu baadaye anashangaa kwa nini "kigawe tasa" chake ni 32.

Hatua ya 4. Saba, kwa mkono

Saba ina mbinu yake: kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, itoe kwenye kilichobaki. Rudia mpaka namba iwe ndogo.

192,941 → 19,294 − 2 = 19,292
19,292 → 1,929 − 4 = 1,925
1,925 → 192 − 10 = 182
182 → 18 − 4 = 14

Kumi na nne inagawanyika kwa 7, basi na 192,941 inagawanyika. 192,941 ÷ 7 = 27,563. Andika 7. Sema kweli, kwa kikokotoo mkononi mbinu hii si ya lazima. Lakini wenye mtihani usioruhusu kikokotoo wanaijua thamani yake.

Hatua ya 5. Winda namba tasa, moja baada ya nyingine

Sasa tumebaki na 27,563, na hapa ndipo kazi ilipo. Kwanza shusha mpaka wako: 166 × 166 = 27,556, na 167 mara 167 inazidi. Kwa hiyo unajaribu namba tasa mpaka 163 tu. Kutoka karibu elfu moja tumefika 38, na kati ya hizo 2, 3 na 5 zimeshatoka: mbili na tano tumezimaliza, na 3 haikugawanya namba ya mwanzo, basi haiwezi kugawanya kipande chake.

Saba je? Saba irudie. Imegawanya mara moja, inaweza kugawanya tena. Hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko yote: mtu akishatumia namba tasa moja anaiona imekwisha kazi.

Kupata baki kwa kikokotoo fanya hivi. Tuseme unajaribu 37. 27,563 ÷ 37 inakupa 744.9459 na kuendelea. Chukua 744 tu, zidisha 744 × 37 = 27,528, kisha 27,563 − 27,528 = 35. Baki 35, si kigawe. Usikisie kwa kutazama desimali. 744.9459 inamvutia mtu aseme "karibu 745", na karibu haitusaidii hapa.

Karatasi yangu chafu ilikuwa hivi:

7: baki 4
11: baki 8
13: baki 3
17: baki 6
19: baki 13
23: baki 9
29: baki 13
31: baki 4
37: baki 35
41: baki 11
43: baki 0

Arobaini na tatu imeingia. 27,563 ÷ 43 = 641.

Nilipoiona 641 niliweka kalamu chini. Wanaopenda namba wanaijua. Katika karne ya 17 Pierre de Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba namba zote za aina fulani, ambazo huanza na 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba hiyo si tasa: ni 641 × 6,700,417. Namba tasa iliyoangusha dhana ya Fermat imejificha ndani ya idadi ya Watanzania. Haina maana yoyote ya siri, sensa ingehesabu mtu mmoja zaidi isingekuwepo. Lakini raha ya kazi hii ni vitu kama hivyo.

Hatua ya 6. Jua pa kusimama

Je, 641 nayo ni tasa, au tuendelee? Mwanafunzi wa kawaida anaanza upya: 2, 3, 5, 7... Hakuna haja. Namba tasa zote chini ya 43 umeshazijaribu, na zilizokataa namba kubwa zinakataa na kipande chake. Na 43 × 43 = 1,849, imeshaipita 641. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawe tasa kisichozidi kipeuo chake, na kipeuo cha 641 ni 25 na kitu. Basi 641 ni tasa, umemaliza.

Kanuni ya kusimama, iandike ukutani: ukiwa umejaribu kwa mpangilio, ukiona namba unayoijaribu mara yenyewe imezidi kilichobaki, kilichobaki ni tasa.

Jibu liende kwenye karatasi safi:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Hatua ya 7. Thibitisha

Zidisha kurudi: 64 × 5 = 320; × 7 = 2,240; × 43 = 96,320; × 641 = 61,741,120. Imerudi.

Huna kikokotoo? Tumia jumla ya tarakimu kama mtego wa makosa. 96,320 inatoa 20, kisha 2. 641 inatoa 11, kisha 2. Mbili mara mbili ni 4, na hatua ya 2 ilitupa 4. Zikilingana si uthibitisho kamili, kwa sababu ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili mtego huu hauoni kitu (ile 192,491 yangu ingepita bila kushtukiwa). Zisipolingana, hapo kosa lipo kwa hakika.

Hatua ya 8. Hesabu vigawe bila kuviandika

Chukua kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 6 kwenye 2⁶; pasipo nayo ni 1), ongeza 1, zidisha vyote. Vipeo vyetu ni 6, 1, 1, 1, 1. Basi 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Namba hii ina vigawe 112.

Sababu yake ni rahisi: kuunda kigawe unachagua utachukua mbili ngapi (kuanzia sifuri mpaka sita, njia saba), tano uchukue au uache (njia mbili), na kadhalika. Hiyo 1 ya kuongeza ni ile nafasi ya kutochukua kabisa. Ukiisahau utapata 6, na hapo ujue umepotea.

Vigawe huja jozi jozi. Jozi iliyokaribiana zaidi ni 6,880 na 8,974: ya kwanza ni 2⁵ × 5 × 43, ya pili ni 2 × 7 × 641. Maana yake nchi nzima ingeweza kupangwa gwaride la mistari 6,880 yenye watu 8,974 kila mmoja, bila pengo hata moja. Kwa mikoa 31 ingekuwa shida kidogo: 31 haimo kwenye orodha ya vigawe tasa. Kila mkoa ungepata watu 1,991,649 na mtu mmoja angebaki hana mkoa.

Hatua ya 9. Jumla ya vigawe

Kwa kila namba tasa, jumlisha vigawe vya kipande chake (kama 2⁶) kuanzia 1, kisha zidisha majibu:

2⁶: 1+2+4+8+16+32+64 = 127
5: 1+5 = 6
7: 1+7 = 8
43: 44
641: 642

127 × 6 × 8 × 44 × 642 = 172,199,808. Hiyo ni jumla ya vigawe vyote 112. Toa namba yenyewe, inabaki 110,458,688, ambayo ni kubwa kuliko 61,741,120. Namba ya namna hii, ambayo vigawe vyake vidogo vikikusanywa vinaizidi, ni ya kundi la namba zilizozidi. Zikilingana kamili, kama 6 (1+2+3) au 28 (1+2+4+7+14), huitwa namba kamilifu, nazo ni adimu: 6, 28, 496, 8,128, na baada ya hapo unaruka mpaka milioni 33 na zaidi.

Hatua ya 10. Zisizoshirikiana nayo kigawe

Kati ya 1 na 61,741,120, ni namba ngapi hazina kigawe cha pamoja nayo isipokuwa 1? Euler tena. Kwa kila namba tasa, gawanya kwa hiyo namba, kisha zidisha kwa namba iliyopungua moja. Anza:

÷2 ×1 = 30,870,560
÷5 ×4 = 24,696,448
÷7 ×6 = 21,168,384
÷43 ×42 = 20,676,096
÷641 ×640 = 20,643,840

Karibu theluthi moja. Angalizo: hapa 2 inatumika mara moja tu, hata kama kipeo chake ni 6. Na gawanya kwanza ndipo uzidishe, ili kila hatua ibaki namba nzima. Desimali ikijitokeza popote, umekosea juu yake.

Hatua ya 11, kwa mwenye hamu

Je, namba hii inaweza kuandikwa kama jumla ya vipeo vya pili viwili, mfano 25 = 9 + 16? Tazama namba tasa ambazo zikigawanywa kwa 4 zinabakiza 3. Kama hata moja ina kipeo witiri, jibu ni hapana. Saba inabakiza 3 na kipeo chake ni 1. Hapana. Wala hukuhitaji kujaribu hata mara moja. Lakini 641 peke yake inabakiza 1, na kweli 641 = 25² + 4².

Sasa jambo moja la kutenganisha. Kuna waliogundua kwamba namba hii inaanza na 6174, na hiyo ni maarufu: mwaka 1949 D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule nchini India, aligundua kwamba ukichukua tarakimu nne zisizofanana zote, ukazipanga kutoka kubwa kwenda ndogo, ukatoa mpangilio wa kinyume, na kurudia, unaishia 6174 daima (7641 − 1467 = 6174). Inapendeza. Lakini hiyo ni sifa ya namna tunavyoandika kwa tarakimu kumi. Ungeandika namba hiyohiyo kwa sifuri na moja kama kompyuta, 6174 isingeonekana, ila 2⁶ ingeonekana mara moja: sifuri sita mwishoni. Vigawe tasa havibadiliki kwa mwandiko.

Mambo yakikwama

*Kikokotoo kinaonyesha 6.174112E7.* Hakijaharibika. E7 maana yake zidisha kwa 10 mara saba. Laza simu au badili mpangilio. Kama tarakimu zimekatwa mwishoni, usiitumie namba hiyo kutafuta baki.

*Nimeweka namba ndefu kwenye Excel, tarakimu za mwisho zimegeuka sifuri.* Excel inatunza tarakimu 15 tu. Kuanzia ya 16 inaweka sifuri bila kukuuliza. Kwa namba ndefu zaidi ya hapo tafuta chombo kingine.

*Zao halirudi.* Usianze upya. Zidisha kutoka chini kwenda juu, kipande kwa kipande, ukilinganisha na karatasi chafu: 43 × 641 ni 27,563? Hiyo × 7 ni 192,941? Utafika mahali patakapokataa, na kosa liko hapo hapo.

*Nimefika 163 na hakuna iliyoingia.* Basi hiyo si bahati mbaya, hilo ni jibu. Kama ulijaribu zote mpaka kwenye kipeuo, namba ni tasa. Rudia tu mbili tatu ulizofanya ukiwa umechoka.

*Nimeweka 1 kwenye vigawe tasa.* Ifute. Moja si tasa, ina kigawe kimoja tu.

*Namba yangu ina tarakimu kumi na tano, nitazeeka.* Hapo acha kalamu. Kwenye kompyuta yenye Linux, au simu yenye programu ya Termux, andika amri factor ikifuatiwa na namba bila koma. Kwa namba yetu itajibu 2 2 2 2 2 2 5 7 43 641. Tarakimu ishirini si kazi kwake. Mamia ni habari nyingine kabisa: RSA-250, namba ya tarakimu 250, ilipasuliwa Februari 2020 tu, kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja, na ugumu huohuo ndio unaolinda siri nyingi zinazopita kwenye intaneti.

Zoezi

Chukua idadi ya watu wa Kenya kwa sensa ya 2019: 47,564,296. Ipitishe hatua 1 mpaka 8 kwa mkono wako. Mbili zitatoka mapema, kisha utatembea kidogo na kupata namba tasa nyingine ndogo, mbili tofauti. Baada ya hapo utakutana na kipande cha tarakimu tano ambacho kitakataa kila kitu, na hapo ndipo nitajua kama uliielewa hatua ya 6. Majibu: 2³ × 13 × 19 × 24,071, vigawe 32. Kwenye 24,071 unasimama baada ya 151.